Taa ya ABS na Taa ya Kuteleza Kwenye Gari la Zamani: Maswali Ninayoulizwa Gerejini

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Mengi ninayoyafungua ni ya Kijapani ya kati ya mwaka 1998 na 2010: IST, Spacio, Noah, RAV4, X-Trail, Forester, na mara mojamoja Passat au Benz. Maswali haya ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga, yaani kuacha kuzunguka, unapokanyaga breki) na ya taa za kuteleza ndiyo wenye magari wanayokuja nayo, na mengine hunifikia kwa simu usiku mtu akiwa amesimama pembeni mwa barabara. Kuna jambo moja nalirudia kwa kila mteja, maana ndilo linalowatoa watu pesa nyingi: taa inakwambia kuna tatizo, haikwambii ununue spea gani.

Fundi, taa ya ABS imewaka. Gari bado lina breki?

Lina. Pedali, masta silinda, mabomba, pedi na diski vinafanya kazi bila ABS. Kompyuta ya ABS ikiona kitu hakieleweki inajitoa kazini yenyewe, inawasha taa ya njano, na wewe unabaki na breki za kawaida. Unachokosa ni ile kazi ya kuachia na kukamata tairi mara nyingi ndani ya sekunde moja pale linapotaka kufunga. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye mvua tairi litafunga, na tairi lililofunga halisikii usukani. Kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako, punguza mwendo, na ikibidi kukanyaga ghafla, ukihisi tairi zimefunga achia kidogo kisha kanyaga tena.

Ila kama taa nyekundu ya breki imewaka pamoja na hiyo ya njano, na handibreki umeshaishusha, simama. Fungua boneti uangalie kopo la mafuta ya breki. Kama mafuta yapo, huenda mfumo unaogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umezima. Hapo matairi ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari ukataka kuja mbele. Gari la namna hiyo liitie gari la kuvuta, hata kama gereji iko mtaa wa pili.

TRC, VSC, SLIP, VDC, ESP. Ni vitu tofauti au majina tu?

Majina kwa sehemu kubwa. Toyota wanaandika TRC na VSC, Nissan wanaandika SLIP na VDC, Subaru VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, BMW DSC, Volkswagen ASR na ESP. Kazi zenyewe ni tatu. ABS inashughulikia tairi unapofunga breki. Ya pili inazuia tairi lisizunguke bure unapokanyaga mafuta. Ya tatu inalishika gari lisiserereke kwenye kona.

Inasaidia kujua zilivyofuatana. ABS ya kielektroniki ya Bosch iliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, ile ya kuzuia tairi kuzunguka bure ikafuata katikati ya miaka ya 1980, na ESP ikaja 1995. Kila moja ilijengwa juu ya iliyoitangulia, kwa sensa zilezile nne zinazosoma mwendo wa kila tairi na pampu ileile. Ndiyo maana ABS ikianguka, zote zilizokaa juu yake zinaanguka.

Taa ya kuteleza inamulika nikiwa kwenye tope, halafu inazima. Ni ubovu?

Hapana, hapo iko kazini. Inayomulika wakati tairi linateleza inafanya kazi yake. Inayowaka moja kwa moja ama umeizima kwa kitufe, ama kuna hitilafu. Umekwama kwenye mchanga wa Kigamboni na gari linakataa kupokea mafuta? Bonyeza kitufe cha TRC OFF ili tairi zipate kuzunguka, ukishatoka irudishe.

Zimewaka taa tatu kwa pamoja: ya injini, ya VSC na ya TRC. Nimeharibikiwa na vitu vitatu?

Mara nyingi ni kimoja, na kiko kwenye injini. Ili kuzuia tairi lisizunguke, kompyuta ya breki huiomba injini ipunguze nguvu. Injini ikiwa na hitilafu yake, iwe plagi, koili, sensa ya hewa au sensa ya oksijeni, kompyuta ya breki haiwezi kuiamini tena, inazima VSC. Kwenye Toyota utakuta namba ya hitilafu C1201 upande wa breki, maana yake hasa ni "nenda kaangalie injini". Subaru wana tabia hiyohiyo: taa ya injini ikiwaka, taa ya VDC inawaka, na ya kruzi inamulika juu yake. Nimeona watu wameuziwa sensa za matairi kwa tatizo la koili moja ya plagi namba tatu. Anza na injini. Ikitulia, zile nyingine mara nyingi huzima zenyewe.

Ikiwa ya injini imezima lakini ABS na VSC zimewaka, hapo ndipo tunashuka kwenye matairi.

Sina kifaa chochote. Naanzia wapi?

Anza kwa kuangalia taa inawaka wakati gani. Hili watu wanalipuuza, na mimi ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mteja kabla sijagusa gari.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya ABS inatakiwa iwake kama sekunde tatu, kisha izime. Hapo kompyuta inajikagua. Isipozima kabisa, na gari halijasogea hata hatua moja, tatizo ni la umeme unaopimika gari likiwa limesimama: waya wa sensa umekatika, fyuzi imeungua, rilei imekufa, au kompyuta yenyewe ni mbovu.

Kama inazima vizuri, halafu inawaka mara tu unapoondoka, sikiliza. Magari mengi huizungusha pampu ya ABS kidogo gari linapoanza kutembea, utasikia mlio mfupi wa "grr" upande wa boneti. Taa ikiwaka palepale, mshuku pampu au rilei yake. Ikiwaka gari likishachanganya, tuseme kilomita 20 au 30 kwa saa, basi nyaya zimepita mtihani ila kuna tairi ambalo kompyuta hailioni likizunguka, au inaliona linazunguka tofauti na wenzake. Hapo ni pete ya meno (ile inayozunguka na tairi na kusomwa na sensa), beringi, uchafu kwenye ncha ya sensa, au matairi yasiyolingana.

Na kama inawaka kwenye matuta na barabara mbovu tu, au ukikata kona upande mmoja, ni waya. Karibu kila mara ni waya.

Kitu kingine cha bure: betri. ABS haipendi umeme mdogo. Betri iliyochoka inashuka sana unapopiga stata, na alteneta dhaifu inafanya hivyo usiku ukiwa na taa kubwa, feni na redio. Kwenye Toyota umeme mdogo una namba yake, 41. Taa za breki nazo zikague: swichi iliyo juu ya pedali ikiwa mbovu, kompyuta haijui kama umekanyaga au hujakanyaga, na hilo peke yake linatosha kuwasha taa.

Nina kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka na kusoma kwa simu. Kinasema gari halina tatizo, lakini taa ya ABS inawaka.

Kidude kinasema kweli kwa kile kinachokiona. Utaratibu wa OBD2, wa kusoma hitilafu za gari kwa mashine, uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996 ulihusu injini na moshi, na vidude vya bei ya chini husoma hicho tu. ABS iko kwenye kompyuta nyingine, na kila kampuni ina lugha yake. Unahitaji mashine inayoingia hadi upande wa ABS wa aina ya gari lako. Ukienda kwa fundi muulize kabla hujalipa: "Mashine yako inasoma ABS?" Na akishasoma muombe uione namba yenyewe, uipige picha. Ukiwa na namba ya picha, fundi mwingine hawezi kukuanzishia hadithi mpya.

Kuna watu wanasoma Toyota kwa kipande cha waya. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 hadi kama katikati ya miaka ya 2000 ni njia nzuri kuliko mashine mbovu. Angalia chini ya usukani, utaona soketi yenye matundu 16. Itazame upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande kifupi cha waya. Hesabu mara mbili. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, ukiligusisha na la 4 unachoma fyuzi.

Washa swichi, usiwashe injini. Taa ya ABS itaanza kumulika. Ikimulika harakaharaka bila pumziko, mara mbili kwa sekunde, hakuna kilichohifadhiwa. Kama kuna namba, itamulika kwa kuhesabu: mara tatu, inapumzika, mara moja, hiyo ni 31. Zikiwa namba nyingi zinafuatana na pumziko refu katikati, kisha zinarudi mwanzo. Chukua kalamu, usitegemee kichwa.

31 ni tairi la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 11 na 12 ni rilei ya vali, 13 na 14 rilei ya pampu, 41 ni umeme wa betri, 49 swichi ya taa za breki, 51 pampu imekwama. Kulia na kushoto ni kwa aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Nalisema kwa sababu nimemwona fundi amesimama mbele ya gari akifungua tairi lisilohusika.

Kufuta, acha waya palepale, swichi ikiwa imewashwa na gari limesimama, kanyaga pedali ya breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano. Usifute kabla ya kuandika.

Namba imetoka 31, sensa ya mbele kulia. Nikanunue kwenye maduka ya spea ya Gerezani?

Bado. Namba 31 inamaanisha kompyuta haipati habari sahihi kutoka tairi hilo. Kati ya kompyuta na tairi kuna waya mrefu, soketi mbili tatu, sensa, pengo dogo la hewa, pete ya meno na beringi. Sensa ni kimojawapo.

Kulikuwa na mwalimu aliyekuja na Spacio. Alishabadilisha sensa ya mbele kulia mara mbili, zote za mtumba, na kila mara taa ilizima siku mbili tatu ikarudi. Nilichomoa soketi ya sensa ndani ya boneti, nikaweka mita kwenye kipimo cha ohmu. Ikasoma 1.1 kilo-ohmu, namba nzuri kabisa. Nikamwambia azungushe usukani taratibu kushoto hadi mwisho. Mita ikakaa palepale. Kulia: ilipofika robo tatu ya mzunguko, namba ikapotea. Akarudisha kidogo, ikarudi. Sensa zote mbili alizonunua hazikuwa na kosa. Waya unaotoka kwenye sensa unapandia kwenye shokapu, unashikwa na kibanio cha chuma, na kila ukikata kona unajikunja palepale. Juu plastiki ilikuwa nzima. Nilipoichana, shaba ndani ilikuwa ya kijani na imekatika, nyuzi mbili tu zikigusana. Kwa nini taa ilirudi hata kwa sensa ya pili? Kibanio hakikurudishwa mahali pake, waya ukaachwa umevutika kama kamba ya nguo. Tuliunga waya kwa kulehemu, tukaweka mpira unaosinyaa kwa joto, na tukarudisha kibanio. Taa haijawaka tena.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Pima sensa ya upande wenye tatizo, kisha pima ya upande wa pili wa ekseli ileile. Sensa za zamani za sumaku na koili mara nyingi husoma kati ya 0.8 na 2 kilo-ohmu. Usishike namba ya kitabu cha gari lingine, linganisha kushoto na kulia. Hakikisha hakuna waya unaogusana na bodi ya gari. Inua tairi kwa jeki, weka stendi, geuza mita kwenye volti za AC, zungusha tairi kwa mkono: lazima uone umeme kidogo, unaoongezeka kadiri unavyozungusha haraka. Sensa ikiwa na ohmu nzuri lakini haizalishi umeme, toa sensa uitazame ncha.

Ncha ina sumaku. Utakuta imevaa ndevu za unga wa chuma kutoka kwenye diski na beringi iliyokufa. Ifute kwa kitambaa. Mulika tochi kwenye tundu, zungusha tairi uhesabu meno ya pete. Pete ikiwa na ufa, utaona pengo moja pana kuliko mengine. Magari ya pwani, Tanga, Zanzibar, Mombasa, yanaliwa na chumvi: kutu inakua chini ya pete na kuipasua, au chini ya sensa na kuisukuma mbali na meno. Pengo hilo linatakiwa lisizidi kama milimita moja.

Sensa iliyoganda kwa kutu usiivute kwa plaizi, utabaki na kichwa mkononi. Ipulizie mafuta ya kulainisha kutu, iache usiku kucha.

Ukiunga waya wa sensa, nyaya mbili zile zilikuja zimesokotwa pamoja. Zirudishe zimesokotwa. Msokoto unazuia kelele za umeme wa plagi na alteneta zisiingie.

Sensa ya gari langu ina waya mbili, lakini mita haisomi ohmu za kueleweka.

Huenda ni sensa ya kisasa zaidi, inayopewa umeme na kompyuta ili ifanye kazi. Hiyo usiipime ohmu. Pima kama umeme unafika kwenye soketi swichi ikiwa imewashwa, kisha tumia mashine kutazama mwendo wa kila tairi gari likitembea. Faida yake ni kwamba inasoma hata gari likijikokota, wakati ile ya koili haioni kitu tairi likienda taratibu sana.

Nyingi za aina hii hazina meno ya chuma. Zina mkanda wa sumaku uliofichwa kwenye mfuniko wa beringi, na jicho halitofautishi upande wenye sumaku na usio nao. Beringi ikigandamizwa kinyume, sensa inatazama ukuta mtupu. Taa ikiwaka siku uliyobadilisha beringi, rudi kwa aliyeifunga, usinunue kitu. Ni vivyo hivyo ukibadilisha draiv shafti: zipo zinazouzwa bila pete ya meno.

Taa haiwaki, lakini nikikaribia kusimama pedali inapiga teke na gari linasogea mbele.

Hili linanitia hofu kuliko taa iliyowaka. ABS inafanya kazi wakati haihitajiki, inaachia breki kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa hivi, kwenye foleni, gari la mbele likiwa mita mbili. Sensa ya tairi moja imesogea mbali na pete au pete ina ufa. Mwendo ukipungua, habari yake inakufa kabla ya zile nyingine, na kompyuta inaamini tairi hilo limefunga. Mashine yenye kuonyesha mwendo wa matairi manne itakuonyesha moja likidondoka hadi sifuri mapema. Wakati ukisubiri kutengeneza, afadhali kuchomoa fyuzi ya ABS kwa muda na kuendesha polepole ukijua huna ABS. Ni mahali pekee ninapokubali fyuzi ichomolewe.

Zimewaka baada ya kubadilisha matairi, au kupiga alaimenti, au kutoa betri.

Matairi: kompyuta inalinganisha kasi ya mizunguko. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo tairi nyembamba la akiba au saizi mbili tofauti zinaichanganya. Soma namba zilizoandikwa ubavuni, zote nne.

Alaimenti na betri: magari yenye VSC yana sensa ya usukani na ya kuyumba kwa gari, nazo zinahitaji kujua sifuri yao iko wapi. Mengine hujipanga yenyewe ukiendesha moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka, mengine yanataka mashine yakiwa kwenye sakafu tambarare. Usukani ukikaa upande gari likiwa linaenda sawa, rudi kwanza kwa mpiga alaimenti.

Nimeambiwa kompyuta ya ABS imekufa, ninunue ya mtumba.

Inawezekana, ila iwe jibu la mwisho. Kabla ya hapo pima fyuzi kubwa za pampu, zile za ampea 30 hadi 60 kwenye boksi la boneti, na waya wa ethi. Ona kama kuna maji kwenye soketi. Gari lililopita mafuriko ya Jangwani, hapa Dar, linaweza kuanza kusumbua miezi kadhaa baadaye.

Kuna magari ambayo kompyuta zake zinajulikana kufa kwa nyufa za lehemu ndani: Passat na Audi A4 zenye Bosch 5.7, Volvo za 850 na S70. Hizo hufunguliwa na kulehemiwa upya na fundi elektroniki mwenye mkono mzuri, na mafuta ya breki hayaguswi kwa sababu boksi la umeme linatenganishwa na la vali. Ukinunua ya mtumba, namba iliyo kwenye lebo ilingane yote, si tarakimu za mwanzo tu. Na ukibadilisha boksi lenye vali, hewa itaingia. Magari mengi yanahitaji mashine ya kuamrisha pampu wakati wa kutoa hewa. Pedali ikibaki laini, gari halitoki gerejini.

Mwenye gari ninalotaka kununua anasema ABS haina shida. Nitajuaje?

Washa swichi tu, macho kwenye dashibodi. Taa ya ABS isipowaka kabisa kwa zile sekunde tatu, kuna mtu ameigusa: ametoa balbu, ameiziba kwa gundi, au ameunganisha waya wake na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Kama ABS na oili zinazima kwa wakati mmoja hasa baada ya injini kuwaka, shuku hilo la mwisho. Kisha nenda barabara ya vumbi isiyo na watu, kwa kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu. Ukihisi pedali inatetemeka mguuni na ukiweza kukata kona huku umekanyaga, ABS ipo. Usishangae gari likichelewa kidogo kusimama kwenye kokoto. Kwenye ardhi legevu ndivyo ABS ilivyo, inakulindia usukani.

Nikifunga difu ya Prado taa zinawaka.

Zinatakiwa ziwake. Difu ikifungwa matairi yanalazimishwa kuzunguka pamoja, kwa hiyo kulingana na difu gani umefunga, gari huzima VSC au ABS kwa makusudi. Fungua difu, sogea mita chache, zizime. Zisipozima, swichi iliyo kwenye difu haijarudi, na hiyo ndiyo ya kupima kwanza.